Wifi anasema sahani zetu ni kama za msibani

Shikamoo Mama.

Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Pasua hapa Moshi. Nyumbani tuko wanane: mimi na mume wangu, watoto, mama mkwe wangu aliyeshuka kutoka Kibosho tangu miguu ianze kumsumbua, na dada anayenisaidia kazi. Jambo langu huenda likaonekana dogo, ila limeninyima raha.

Vyombo vyangu havifanani. Kwenye kicheni pati yangu nilipewa sahani na watu mbalimbali, na miaka ilivyokwenda zimevunjika moja moja. Nilizobaki nazo ni hizi: bapa tano nyeupe zenye ukingo wa bluu, bapa nne za maua ya bluu, hizo nilinunua mtumba kwa machinga, zenye kina sita, rangi ya krimu na maua mekundu, tatu za kahawia, nzito, ndogo kuliko zote, na melamini nane za watoto ambazo zimechubuka sana. Halafu kuna ile ya plastiki ya kijani ya dada, na kikombe cha bati cha bibi. Glasi ndiyo usiseme: tatu ndefu, nne fupi nene, mbili za mguu, na chupa za jemu ninazowatilia watoto juisi.

Kwenye shokesi nina seti ya watu sita, nyeupe yenye mstari wa dhahabu. Alinipa marehemu mama yangu. Sijawahi kuilia chakula, naogopa itavunjika.

Krismasi iliyopita wifi yangu alikuja kutoka Dar na familia yake, tukawa watu 14 mezani. Nilipakua kwa nilivyojaliwa: wengine sahani kubwa, wengine ndogo, watoto melamini. Wifi akasema mbele ya wote, "Kwenu sahani kama za msibani, kila mtu kaja na yake." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Usiku nililia.

Mume wangu anataka tugawe vyote, tununue seti mpya ya pisi 24 aliyoiona dukani pale Double Road, nyeusi tupu, inameta. Mimi naona hela hiyo ni ada ya mtoto, na vyombo vingi bado ni vizima. Je, kuchanganya vyombo ni aibu? Glasi gani zitadumu na watoto? Seti ya mama niifanyeje? Na mume ameleta maikrowevu: melamini zinaingia humo?

Mama wa Wanne, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa neno lile, hasa kwa kuwa lilisemwa kwenye meza ambayo chakula chake ulikipika wewe. Barua yako nimeisoma huku nikipiga hesabu ya vyombo vyako, na nikuambie mapema: seti mpya anayoitaka mume wako huihitaji. Karibu kila kitu unacho tayari ndani ya nyumba.

Tuanze na kilichoonekana siku ile. Unadhani watu waliona maua mekundu pembeni ya maua ya bluu. Mimi nadhani waliona ukubwa. Mtu akipewa sahani ndogo ya kahawia na jirani yake akawa na bapa pana, hata kama wali ni upawa uleule, macho yanasoma kwamba mmoja amepunjwa. Mwenye sahani yenye kina na mwenye bapa nao hivyo hivyo. Kwetu chakula ni heshima, na mgeni huanza kupima heshima hiyo kabla hajaonja. Kwa hiyo shika hili: rangi na maua vinaweza kutofautiana kadiri upendavyo, lakini mlo mmoja ni umbo moja na ukubwa mmoja kwa kila aliyekaa.

Tafuta siku isiyo na haraka, tandika mkeka sebuleni, utoe vyombo vyote, na vya shokesi pia. Usivipange kwa seti zake za zamani. Vipange kwa kazi: bapa pamoja, zenye kina pamoja, bakuli pamoja, vikombe pamoja. Kisha chukua rula ya watoto, upime kutoka ukingo hadi ukingo. Sahani kubwa ya chakula kwa kawaida ni sentimita 25 hadi 28, na yenye kina ni 20 hadi 23. Tofauti ya sentimita moja haionekani mezani. Ikizidi mbili, kila mtu anaiona.

Wakati uko hapo chini kwenye mkeka, gonga kila sahani. Iegemeze kwenye ncha za vidole kwa chini, katikati, halafu gonga ukingo kwa kifundo cha kidole. Nzima italia na sauti itabaki kidogo. Yenye ufa hutoa sauti butu, hata kama ufa wenyewe huuoni. Mama zetu walichagua vyungu sokoni kwa namna hiyohiyo. Zenye ufa ziondoe zote kwenye chakula. Zilizomeguka ukingo pia ziondoe, hasa zile nzito za kahawia, maana zinaelekea kuwa za udongo wa kawaida unaochomwa kwa joto la nyuzi 1,000 na kidogo. Chini ya tabaka lake la kioo udongo huo una vitundu, na palipomeguka panafyonza maji na mafuta ambayo sabuni haiyafikii. Kauri nyeupe ngumu huchomwa kwa nyuzi 1,200 hadi 1,400, inashikana kabisa, hainywi maji. Hata hivyo ikimeguka inakata mdomo, kwa hiyo nayo haifai. Zilizoondolewa zisirudi kabatini "kwa dharura". Ziwekee miche.

Sasa angalia bahati uliyonayo. Nyeupe zenye ukingo wa bluu ni tano, za maua ya bluu ni nne. Jumla ni bapa 9, na nyumbani mko 8. Meza yako ya kila siku ya ugali na wali imeshakamilika, na sahani moja ya akiba. Bluu ya namna hii hutokana na kobalti, madini yanayostahimili moto wa tanuri hata yakipakwa chini ya tabaka la kioo. Wachina wa mji wa Jingdezhen walitengeneza vyombo vya bluu na nyeupe kwa wingi tangu karne ya 14, baadaye Waingereza wakaviiga, na viwanda vya nchi nyingi vinaendelea na rangi hiyo hadi leo. Ndiyo maana mtumba wa Ulaya na sahani mpya ya China vinapatana bila kujuana. Watu wa pwani yetu walikuwa na vyombo vya Kichina zamani sana, wakavipenda kiasi cha kuvijengea ukutani: pale Kunduchi, Dar es Salaam, kuna makaburi ya nguzo yaliyopachikwa bakuli za Kichina. Kwa hiyo zile nne ulizonunua kwa machinga usizionee haya. Ulichagua vizuri.

Namna ya kuzipanga ina uzito wake. Ukiweka tano za ukingo upande wa baba na nne za maua upande wa watoto, umegawa meza. Zipishanishe: moja ya ukingo, moja ya maua, hadi mwisho. Sahani moja pekee isiyofanana na wenzake huonekana imeziba pengo. Zikiwa nne na tano, zikapishana, mtu anaelewa kwamba mwenye nyumba amechagua. Na kama watu wanajipakulia wenyewe kutoka kwenye mahotipoti, fanya kupishanisha huko kwenye lundo kabla hawajaja, ili kila mtu achukue ya juu bila kuchagua.

Kitambaa cha meza nacho kinasaidia au kinaharibu. Sahani za maua zinataka kitambaa kitupu, cheupe au cha bluu iliyoiva. Kitenge chako kizuri chenye mapambo mengi kiweke siku unayotumia nyeupe tupu.

Zile sita za krimu zenye maua mekundu usizilazimishe kukaa na za bluu. Zina kina, zipe milo inayotaka kina: machalari, wali wa maharage wenye mchuzi mwingi, makande. Kwa watu wanane zimepungua mbili. Usihangaike kutafuta maua yaleyale, hutayapata. Viwanda hubadilisha michoro kila mara. Nunua zenye kina nne za krimu tupu, ukubwa uleule, uwe na kumi. Hapa nina onyo ambalo watu wengi hawalipati mpaka wamefika nyumbani: nyeupe haifanani na nyeupe. Kuna inayovuta bluu, kuna inayovuta njano. Chini ya taa za dukani huwezi kuona. Beba sahani yako moja kwenye mfuko, ukifika omba uzitoe zote mbili mlangoni, uzitazame kwenye mwanga wa jua. Muuza duka mwenye akili hatakukatalia. Ziweke pia juu ya kaunta uone kama zinayumba, na pitisha kidole chini, kwenye kile kiduara cha kitako kisicho na tabaka la kioo. Kikikwaruza kidole, kitakwaruza sahani ya chini yake kila siku ukizipanga.

Mtori ni habari nyingine, unataka bakuli, na bakuli la mtori liwe na ukingo mnene au masikio, maana unaletwa wa moto. Za kahawia tatu, kama zimepita mtihani wa kugonga, usimpe mtu chakula humo tena. Zifanye za katikati ya meza: moja ya kachumbari, moja ya parachichi, moja ya ndizi mbivu. Vyombo vya katikati havihitaji kufanana na chochote, na kahawia inapendeza na kijani cha mboga.

Nakuomba sasa usimame kidogo kwenye jambo uliloliandika kwa kupita. Umesema "ile ya plastiki ya kijani ya dada". Kikombe cha bati cha bibi nakielewa: amekizoea, kinamrudisha Kibosho, anakichagua mwenyewe. Kiache. Ile ya kijani hakuichagua dada. Kama sahani za bluu ni 9 na nyie ni 8, na yeye ni mmoja wa hao wanane, yake imo. Mpe. Usimwitie kikao wala usimtangazie, pakua tu leo jioni kwenye sahani kama ya wengine na endelea hivyo. Nyumba nyingi za hapa Moshi na Arusha zina sahani na kikombe kilichotengwa kwa binti wa kazi, na wenye nyumba wameshazoea hata hawaioni. Yeye anaiona kila siku, mara tatu. Na watoto wako wanne wanajifunza kwenye sahani hiyo nani ni mtu wa nyumbani na nani siye. Katika barua yako yote, hili ndilo ningependa ulibadilishe kwanza.

Kwa bibi ongeza jambo moja. Macho ya wazee hupoteza wali mweupe kwenye sahani nyeupe tupu. Mpe ya ukingo wa bluu kila mara, ataona sahani inapoishia. Kama mikono inatetemeka, mpe yenye kina, na siku hiyo wote muwe kwenye zenye kina.

Melamini, jibu ni hapana. Haziingii kwenye maikrowevu, hata kwa dakika moja. Sahani hizo hutengenezwa kwa kemikali mbili, moja iitwayo melamini na nyingine fomaldehaidi, na joto likizidi huanza kuachia vitu hivyo kwenye chakula, zaidi kama chakula kina uchachu. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za vyakula, BfR, inashauri zisitumike kwa vitu vyenye joto la zaidi ya nyuzi 70. Uji uliotoka jikoni unapita hapo, mtori unapita, chai ya limao inapita. Zako umesema zimechubuka; zile ambazo mng'aro umeisha na zimekuwa kama unga ukipitisha kidole, ziondoe kabisa. Zilizobaki nzima ni za matunda, mkate, karanga. Uji wa watoto utie kwenye bakuli za stili au za bati lililopakwa rangi ngumu, lakini ngoja upoe kidogo kwa sababu bati hubeba joto hadi mkononi. Bati likibanduka kwa ndani, chuma kikaonekana, litashika kutu. Lipe kazi nyingine.

Mtoto wa miaka mitano au sita anaweza kulia kwenye sahani ya udongo kama wengine. Atavunja moja, labda mbili. Ndiyo sababu nakusisitiza kununua vyombo vinavyouzwa pisi moja moja: ikivunjika moja unarudisha moja.

Kwenye glasi nageuza ushauri. Sahani changanya, glasi usichanganye. Glasi husimama, kwa hiyo urefu unaopishana unaonekana tangu mlangoni, na mtu mwenye ndefu na mwenye chupa ya jemu wakikaa pamoja tunarudi kwenye kupunjwa. Nunua 12 za aina moja, zisizo na rangi, fupi kiasi, kitako kipana, za mililita 250 hivi. Ndefu nyembamba zinaangushwa na kiwiko cha mtoto, na mkono haufiki ndani kuziosha.

Tafuta glasi zilizokazwa kwa joto. Hupashwa moto kupita nyuzi 600, kisha hupozwa ghafla kwa hewa, hivyo ngozi ya nje hujibana na glasi inakuwa imara kuliko ya kawaida. Duralex ya Ufaransa ilianzishwa mwaka 1945 na ndiyo ilizifanya zijulikane duniani; jina limechorwa kwenye kitako pamoja na namba ndogo, ambayo ni ya kalibu iliyotumika. Zinavumilia chai ya moto. Ila usidanganywe na unene. Glasi nene ya kawaida ndiyo hupasuka upesi ukimimina chai kutoka chupa ya chai, kwa sababu ndani inatanuka wakati nje bado baridi. Kama huna hakika, chai iende kwenye vikombe. Na glasi iliyokazwa ikivunjika husambaa vipande vidogo vingi, hadi chini ya kochi, kwa hiyo siku hiyo watoto watoke nje na mtu mzima afagie na kisha apitishe kitambaa kibichi.

Zile mbili za mguu, kama ni nzito sana, zimechongwa na zinalia kama kengele, huenda ni kristali ya risasi, yaani kioo kilichochanganywa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Iliyo halisi huwa na angalau asilimia 24 ya oksidi ya risasi. Ziweke maua. Usihifadhie juisi humo, hasa ya ukwaju au ndimu. Nne fupi nene ziende chumbani na kwa miswaki. Chupa za jemu ni nzuri kwa pilipili na viungo, zina mifuniko yake.

Vikombe nimewaachia uhuru. Kikombe ni cha mtu, mezani hakimpunji mwingine, na watoto wanapenda kuwa na chao. Wachanganye watakavyo.

Tuje kwenye seti ya mama yako. Mwanangu, mama aliyekupa sahani alikupa ili ule. Aliwaza jamaa zako wakiwa wamekaa, wewe ukipakua. Itoe. Anza Jumapili moja mkitoka kanisani, mkiwa nyumbani tu, bila mgeni, ili woga ukutoke. Mstari wa dhahabu una madini, kwa hiyo kwenye maikrowevu utatoa cheche. Hizi zisiingie humo kamwe. Zioshe peke yake, kwenye beseni la plastiki lililotandikwa kitambaa, kwa sponji laini na sabuni ya kawaida. Stili waya na majivu vikae mbali nazo. Ukizirudisha, weka kitambaa chepesi au karatasi laini kati ya sahani na sahani, kwa sababu dhahabu huliwa na kitako cha sahani ya juu kuliko inavyoliwa na uma. Ukiona mistari ya kijivu kwenye nyeupe zako zozote, usidhani zimekwaruzika. Mara nyingi ni madini ya kijiko yaliyobaki juu. Paka bekingi soda iliyolowa kidogo, sugua taratibu kwa kidole chenye kitambaa, suuza. Hiyo ni kwa nyeupe tupu, kwenye dhahabu usipake.

Kwa mume wako, usibishane naye juu ya urembo. Mpe hesabu. Seti ya pisi 24 mara nyingi ni ya watu 6: sahani kubwa 6, ndogo 6, bakuli 6, vikombe 6. Nyie ni 8. Siku ya kwanza tu watu wawili watakuwa kwenye vyombo vingine, na tatizo mlilotaka kulimaliza litakuwa limeletwa upya kwa gharama. Nyeusi inayometa pia itamchosha anayeosha, maana kila tone la maji lililokauka na kila alama ya kijiko vinaonekana. Na baada ya miaka miwili, ikivunjika moja, muuzaji atakuambia mzigo ule haukuja tena. Mwambie pia kwamba umeona nia yake. Alisikia lile neno la dada yake, akatafuta namna ya kukufuta machozi. Huyo ni mume mwema, hesabu tu ndiyo ilimpita.

Krismasi hii hesabu iko hivi, mkiwa tena 14. Bapa za bluu 9, za mama yako kubwa 6, jumla 15. Zote zina nyeupe chini, zote bapa. Pima ukubwa, na kama hazitofautiani zaidi ya sentimita mbili, zipishanishe meza nzima. Usiwape wageni za dhahabu na wa nyumbani za bluu. Wifi akae na ya maua kama ikimwangukia, bibi akae na ya ukingo, dada akae na ya dhahabu. Watoto wadogo kabisa wakikaa meza yao, nao wote wawe na chombo cha namna moja.

Wifi mwenyewe sitakushauri umjibu. Ila neno lake lina kitu cha kweli ambacho kinaweza kukufaa: vyombo huenda msibani na kwenye shughuli, na huko ndiko vinakopotea na kuchanganyika. Tenga melamini na bati za kuazimisha jirani, uziwekee kapu lake. Chini ya kila moja weka alama ya rangi ya kucha, rangi unayoijua wewe, iachie usiku mzima ikauke. Za bluu na za mama yako zisitoke nje ya geti hata kama anayeomba ni mwenyekiti wa kikundi.

Na wewe, shoga yako akiolewa na ukawekwa kwenye kamati ya kicheni pati, pendekeza kitu kimoja: bibi harusi achague sahani nyeupe ya dukani inayopatikana pisi moja moja, na kila mchangiaji wa vyombo alete za namna hiyo tu, mbili mbili au nne nne. Wengi wetu tuliingia kwenye ndoa na vipande vya seti tano.

Ununuzi wako basi ni mdogo, na uende kwa zamu. Anza na glasi 12 mwezi huu, maana chupa za jemu ndizo zinazokusumbua kila siku. Halafu bakuli za mtori 8, nyeupe. Zenye kina nne za krimu zinaweza kusubiri hadi ada ya Januari ilipwe. Maduka ya vyombo yanayozunguka Soko Kuu huuza rejareja na kwa dazani. Uliza bei ya dazani hata unapotaka nne, na ukipata jirani wa kugawana naye mtanunua kwa bei hiyo wote wawili.